Ntiro alivyoichora Machame kwa kumbukumbu

Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York lina mchoro mdogo wa rangi za mafuta, karibu sentimita 41 kwa 51: wanaume wanampelekea bibi harusi mbege, pombe ya ndizi, usiku. Ulichorwa mwaka 1956, nao ni kazi ya Sam Joseph Ntiro, mzaliwa wa Machame, ambaye baada ya Uhuru alikuwa balozi wetu London.

Wapo wanaoziona kazi zake na kusema hazina kina, watu ni wadogo na nyuso hazisomeki. Hukumu hiyo inakosea. Ntiro alisoma chuo cha sanaa cha Slade, London, kuanzia 1952 hadi 1955, na huko kanuni za kuonyesha umbali na kivuli zilifundishwa vilivyo. Alizijua, akachagua njia nyingine.

Njia hiyo ilianzia Chuo cha Makerere miaka ya 1940, kwa Margaret Trowell. Mwalimu huyo alikuwa akisimulia tukio kwa maneno, mwanafunzi alione kichwani kwanza ndipo ashike brashi. Kwa Ntiro, kilichokuja kichwani kilikuwa kihamba, shamba la nyumbani: migomba juu, kahawa kivulini mwake, magimbi chini, mfongo ukipitisha maji kutoka mlimani. Ndani ya kihamba huoni upeo wa macho. Majani yanakuzunguka pande zote. Kwa hiyo nafasi ameijenga kwa tabaka. Kilicho mbali kinapanda juu ya turubai, lakini hakipungui, maana kumbukumbu haipunguzi ukubwa wa kitu kwa sababu kiko mbali.

Jambo la pili ni marudio. Umbo la jani linarudiwa tena na tena mpaka shamba linageuka mpangilio wa mistari na rangi. Hapo Ntiro anaukaribia mno uchoraji dhahania, ingawa kwa kawaida hakumwacha binadamu nje ya picha. Watu wake hutambulika kwa kazi wanayoifanya pamoja: kubeba, kulima, kuvuna. Ndiyo maana mbege ilimfaa sana. Ndizi mbivu huchemshwa, kimea cha ulezi huongezwa, na pombe ikiiva huwa ya ukoo mzima. Kwa desturi, posa haikamiliki bila hiyo. Kuchora uso wa mbebaji mmoja kungempa yeye heshima iliyo ya wote.

Ntiro alifariki mwaka 1993. Walimu wa sanaa wa Moshi, kabla ya kumpa mwanafunzi picha ya kilele cha Kibo aigize, mwambieni afumbe macho, akikumbuke kihamba cha bibi yake, kisha achore anachokiona. Akikosea vipimo, msimsahihishe haraka. Mwulizeni kwanza kwa nini mgomba ule ameuchora mkubwa kuliko nyumba.