Si Mzimu, si Shetani: Taharuki katika Kazi za Said Ahmed Mohamed

Mjadala huu ulianzia kwenye foleni ya chakula cha mchana, mahali ambapo mijadala mingi ya idara yetu huanzia. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa tatu, ambaye jina lake namhifadhia kwa kuwa bado namdai daftari langu, alitamka kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni kwamba riwaya ya taharuki ni kitu cha kusomea kwenye basi. "Ukishajua nani kaua," alisema, "kitabu kimekwisha. Unamwachia kondakta." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikarudi chumbani nimeudhika, maana wiki ile nilikuwa nasoma Utengano kwa mara ya tatu na nilikuwa bado nashikwa na wasiwasi kwenye kurasa zilezile, ingawa nilijua kila kitakachotokea.

Makala haya ni jibu langu kwake, na nalitoa kupitia kazi za mwandishi mmoja wa Kipemba. Said Ahmed Mohamed alizaliwa Pemba mwaka 1947, akaandika hadithi fupi, mashairi, tamthilia na riwaya, na akafundisha hadi Bayreuth, Ujerumani. Hakuna mhakiki anayemweka kwenye rafu ya vitabu vya upelelezi. Katika riwaya zake hamna Inspekta, hamna bastola, hamna maiti ukurasa wa kwanza. Hata hivyo nadai kwamba huyu ni fundi wa taharuki, na kwamba ukiiondoa taharuki katika kazi zake, yale maudhui tunayoyapigia mistari kwa ajili ya mtihani yanabaki hotuba tu.

Nianze nje yake kidogo. Visiwa vile vina mzee mwingine wa taharuki, naye ni Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi, Unguja. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58, ikachapishwa mwaka 1960, na Bwana Msa na kiko chake wakaingia katika fasihi yetu. Wengi husema Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevikwa kanzu. Sawa, baba yake tunamjua. Lakini tazama anachokifanya Abdulla na mazingira ya nyumbani kwake. Mtu anakutwa ameuawa mahali pa mzimu. Kijiji kizima tayari kina jibu, nalo ni la heshima, la kale, na halimgombanishi mtu na jirani yake: mzimu umemchukua. Kazi ya Bwana Msa ni kulikataa jibu hilo kwa adabu, kisha kuonyesha kwamba mzimu hauna mikono. Mwenye mikono ni binadamu, tena wa karibu.

Abdulla amelaumiwa sana kwamba aliendelea kuandika hadi miaka ya 1980 kana kwamba Mapinduzi ya mwaka 1964 hayakutokea. Lawama hiyo sitaifuta. Lakini alituachia kitu ambacho Said Ahmed Mohamed, kwa maoni yangu, alikiokota na kukipeleka mbali zaidi: ile hali ya jamii kuwa na maelezo tayari, maelezo ambayo kila mtu anayakubali kwa sababu yanamfichia mtu fulani aibu yake. Taharuki inaanza pale msomaji anapohisi kwamba maelezo yale hayatoshi.

Sasa tuingie katika Utengano (1980). Hapa hakuna mzimu. Kinachofunika ni heshima. Bwana Maksuudi ni mtu mwenye mali na jina. Mkewe, Bi Tamima, hatoki. Binti yake, Maimuna, hatoki. Ukiwauliza majirani kwa nini, watakujibu kwa neno moja tu, kwamba nyumba ile ni ya watu wa heshima. Basi. Neno hilo linafanya kazi ileile ya mzimu katika kitabu cha Abdulla: linafunga mazungumzo.

Halafu Bi Tamima anashikwa na uchungu wa uzazi, mume hayupo. Wenzangu wakiulizwa kuhusu sehemu hii huandika "inaonyesha ukandamizwaji wa mwanamke", wanapata alama zao, wanaondoka. Inaonyesha, ndiyo. Lakini inaonyesha vipi? Biti Kocho, mtumishi, anamleta Bi Farashuu amzalishe. Bi Farashuu si mkunga tu. Ana deni lake na mwenye nyumba, deni la mwanawe Mwanasururu, ambaye Maksuudi alimwoa na kumfilisi. Hapo ndipo penye kisu. Mwanamke aliyelala kitandani hawezi kukataa msaada, na mwanamke anayemsaidia ameingia mlangoni akiwa na sababu mbili. Anamwokoa mzazi na papo hapo anaubomoa ukuta wa nyumba ya adui yake. Ukisoma mara ya kwanza unaogopa kwamba Maksuudi atarudi. Ukisoma mara ya pili unamwogopa Bi Farashuu. Mimi mara ya tatu nilijiogopa mwenyewe, maana niligundua kwamba nataka ukuta ubomoke na sijali sana utamwangukia nani.

Unamwangukia Bi Tamima. Mume anarudi, anampiga na kumwacha. Msomaji alijua. Tangu mlango ulipofunguliwa, sote tulijua. Mwenzetu wa foleni anadhani taharuki ni kutojua nani alifanya. Katika Utengano tunajua nani amefanya, nani anafanya, na karibu tunajua atafanya nini tena. Tusichojua ni lini wengine watajua. Taharuki ya Bwana Msa iko mbele ya msomaji, kwa sababu kuna kitu tumefichwa. Taharuki ya Said Ahmed Mohamed iko nyuma yake, kwa sababu sisi ndio tumekishika kile kitu, tumekaa nacho kimya, na mtu anakuja.

Kazija anaitumia mbinu hiyohiyo kwa ucheshi mkali zaidi. Anamvuta Maksuudi, na anamvuta Mussa, mwana wa Maksuudi, mpaka baba na mwana wakutane mlango mmoja. Sehemu ile nilipoisoma bwenini nilicheka mpaka nikagongewa ukuta. Lakini hata kicheko chake ni cha kusubiri. Unaijua hatua ya baba, unaijua hatua ya mwana, unahesabu.

Nina ugomvi mmoja na riwaya hii na sitauficha. Baada ya ukuta kubomoka, Maimuna anatoka nje, na nje kunamla. Ulevi, baa, wanaume. Mwandishi anamwonea huruma, nakubali, na analaumu malezi ya kufungiwa. Lakini ninaposoma nusu ya pili mimi nikiwa msichana, siwezi kukwepa swali: mbona deni la Maksuudi linalipwa kwanza kwa mwili wa binti yake? Bi Farashuu alitaka kulipiza kwa ajili ya binti mmoja, akamtoa wa pili. Nadhani mwandishi aliliona hilo. Sidhani kwamba alilikazia macho kwa muda wa kutosha. Na taharuki yenyewe inashuka hapa, kwa sababu hakuna tena siri ya kushika, kuna kuporomoka tu.

Katika Asali Chungu, riwaya yake ya mwanzo, siri iko kwenye nasaba. Dude, mtoto wa nje ya ndoa, anajikuta ndani ya nyumba ya mtu aliyemzaa. Sisi tunajua damu inakokwenda, wahusika wanatembea gizani. Ni kitabu cha kijana mwenye hasira, kimejaa, mahali pengine kinapiga kelele, lakini chombo chake kilikuwa tayari mkononi. Dunia Mti Mkavu (1980) nitaipita haraka. Inahusu wanyonge na mgomo wa wafanyakazi enzi za ukoloni, nia yake naiheshimu, ila ndani yake adui anajulikana mapema na kila mtu, na mimi nilipiga miayo. Nisamehewe.

Nimefika kwenye hadithi fupi, na hapa lazima niseme jambo la nyumbani.

Mkusanyiko wa mwaka 1985 unaitwa Si Shetani si Wazimu. Niliuona jina kwenye rafu nikasimama. Kwetu ni kijiji kimoja karibu na Pangani. Shangazi yangu, mdogo wa baba, alipokuwa na miaka kumi na tisa alikuwa akianguka jioni, anatetemeka, anasema kwa sauti isiyo yake. Wakasema ana pepo. Ngoma ikapigwa, ubani ukachomwa, mbuzi akachinjwa. Wengine, waliokuwa wamesoma kidogo, wakasema ni wazimu, apelekwe hospitali. Majibu yalikuwa hayo mawili tu, na familia iligawanyika kati yake. Miaka mingi baadaye bibi akanieleza, kama anayenieleza bei ya chumvi, kwamba shangazi alikuwa amechumbiwa na mzee mwenye majahazi, na kwamba pepo alitoka wiki ileile mahari yaliporudishwa.

Jina la kitabu kile linakataa majibu yote mawili kwa mpigo, halafu linanyamaza. Si shetani. Si wazimu. Basi ni nini? Anayeuliza hivyo tayari ameshaanza kusoma. Na tofauti na Bwana Msa, hapa hakuna mtu wa kuwasha kiko na kutueleza. Nafasi fupi ya hadithi inamfaa sana mwandishi huyu, kwa sababu haimpi muda wa kuhubiri. Anafungua mlango kidogo, unaona, anafunga. Katika Sadiki Ukipenda (2002) anarudia mchezo huo wa jina: ukipenda sadiki, usipopenda acha, lakini umeshasikia.

Je, mashairi? Nilitarajia kukuta siri hizohizo katika Sikate Tamaa (1980), na sikuzikuta. Kule anasema waziwazi, anamgeukia mnyonge na kumsemesha uso kwa uso, jina la diwani lenyewe ni amri. Katika Kina cha Maisha (1984) anathubutu zaidi katika umbo, na mimi nayapenda zaidi ya pale. Lakini yote mawili yamenifundisha jambo kuhusu riwaya zake: kumbe uwezo wa kusema moja kwa moja anao. Anapoficha katika nathari, ameamua kuficha. Mshairi yule anayemwambia mnyonge asikate tamaa ndiye yuleyule anayemwacha Bi Tamima kitandani na sisi tukiwa na siri mkononi. Shairi linakuhimiza usimame. Riwaya inakuonyesha kwamba umekaa.

Hapa ningeweza kuweka kalamu chini, hoja yangu ikawa nzuri na nyepesi: Abdulla alimfukuza mzimu, Said Ahmed Mohamed akamfukuza shetani, aliyebaki ni binadamu. Tatizo ni Babu Alipofufuka (2001). Katika riwaya hii babu aliyekufa anarudi kweli. K, kigogo mwenye kula nchi na kustarehe, anatokewa na marehemu babu yake, naye anamkokota aone asichotaka kuona. Hakuna Bwana Msa wa kuja kusema kwamba yule babu ni mpangaji aliyejifunika shuka jeupe. Mzimu uliofukuzwa mwaka 1960 umerudi, tena umerudi ukiwa upande wa ukweli!

Nimehangaika na jambo hili muhula mzima. Mhadhiri wangu mmoja alisema ni mtindo mpya tu, riwaya ya Kiswahili ilianza kuchanganya uhalisia na ndoto tangu Nagona ya Kezilahabi mwaka 1990, na waandishi wengine wakafuata. Huenda. Lakini mtindo haunitoshi. Mimi naona hivi: katika Utengano wenye siri walikuwa wengi. Mkunga alijua, mtumishi alijua, msomaji alijua, na ilikuwa suala la muda tu kabla mtu hajasema. Katika dunia ya K, walio hai wote wananufaika, au wanaogopa, au wamechoka. Aibu haifichwi tena, imeanikwa barazani na watu wanaipigia makofi. Wewe msomaji utashika siri gani, na utamwogopea nani agundue, kama kila mtu ameshajua na hakuna anayejali? Ndiyo maana anaitwa maiti.

Kama nipo sawa, basi taharuki ya kitabu hiki ni ya aina nyingine kabisa, na nakiri kwamba sijaweza kuieleza. Kurasa zake zinanitia hofu isiyosubiri kitu chochote. Kwa hiyo namwomba mwenzetu wa foleni, pindi atakapolirudisha daftari langu, aisome Babu Alipofufuka, na si kwenye basi, kisha atuandikie katika toleo lijalo anaogopa nini pale ambapo hakuna tena aliyejificha. Nakala ya maktaba ninayo mimi mpaka Ijumaa. Imeng'oka jalada, na kuna msomaji wa zamani aliyepiga mistari kwa kalamu nyekundu kila mahali babu anapozungumza, isipokuwa sura ya mwisho, ambako hakupiga hata mmoja.