Huruma na Haki: Hukumu za Wasomaji juu ya The Street Lawyer

Mwaka 1998 John Grisham, mwandishi wa Marekani aliyekuwa wakili katika jimbo la Mississippi kabla ya kushika kalamu, alitoa riwaya iitwayo The Street Lawyer. Tangu hapo wasomaji wake wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema kwamba kitabu kiliwafumbua macho wakawaona watu wasio na makao ambao zamani waliwapita njiani kama wapitavyo nguzo za taa. Kundi la pili husema kwamba hayo ni mahubiri yaliyovikwa joho la wakili. Makundi haya hushindana sana, lakini yameshirikiana katika jambo moja: yote mawili yamekisoma kitabu kama ombi la huruma. Yafaa kukisoma tena kama dai la haki, na kukipima kwa kipimo hicho.

Kisa chenyewe ni hiki. Wakili kijana Michael Brock anafanya kazi katika kampuni kubwa ya mawakili mjini Washington, kwa mshahara wa dola 120,000 kwa mwaka. Siku moja mtu asiye na makao, ajiitaye Mister, anaingia ofisini na bastola mkononi na vitu vinavyofanana na baruti kiunoni. Anawashika mateka mawakili kadhaa, anawauliza wamepata fedha kiasi gani na wamewapa maskini kiasi gani, kisha anawauliza ni nani awatoaye watu majumbani mwao. Askari mlenga shabaha anamwua. Brock anapochunguza habari zake anafika katika ofisi ndogo ya Mordecai Green, wakili wa maskini, na pole pole anagundua kwamba kampuni yake mwenyewe ilihusika kuwatoa watu kwa nguvu katika ghala moja, wakati wa baridi kali, ili kiwanja kipate kujengwa. Miongoni mwa waliotolewa ni Lontae Burton na watoto wake wanne, ambao wamekufa ndani ya gari kwa moshi wa sumu walipokuwa wakiota joto la injini. Brock analichukua jalada la shauri hilo kwa siri, anaacha kazi, na anakubali mshahara wa dola 30,000.

Lawama isikikayo zaidi ni kwamba mwandishi anahubiri. Lawama hiyo ina msingi. Mara kwa mara Mordecai Green anaisimamisha hadithi ili aeleze habari za mishahara midogo, uhaba wa nyumba za bei nafuu, na sheria za miji zinazokataza kuomba na kulala njiani. Na Brock, kama mwanafunzi mtiifu, anauliza maswali ambayo majibu yake yalikwisha tayarishwa. Msomaji aliyeizoea The Firm ya mwaka 1991, ambamo shujaa huwindwa ukurasa hata ukurasa, huona kwamba hapa hatari imepungua. Husemwa pia kwamba Brock anageuka upesi mno, na kwamba ndoa yake na Claire inavunjika karibu bila machozi. Yote hayo ni kweli kwa kiasi chake.

Walakini wanaolaumu hivyo wamekipima kitabu kwa mbio zake, wakaruka mahali pake penye uzito. Shauri zima limejengwa juu ya tofauti ya maneno mawili: mvamizi na mpangaji. Wakaaji wa ghala walitolewa kwa hoja kwamba ni wavamizi wasio na haki yoyote. Kumbe watu hao walikuwa wakilipa dola 100 kwa mwezi, fedha taslimu mkononi. Na mtu alipaye kodi ya pango ni mpangaji, hata kama chumba chake ni pembe ya ghala bovu. Mpangaji hatolewi ila kwa taarifa na kwa njia ya mahakama. Kumbukumbu iliyoeleza habari za malipo hayo iliandikwa na msaidizi wa mawakili, Hector Palma, kisha ikaondolewa katika jalada. Msisimko wa kweli wa riwaya hii umo katika karatasi hiyo moja iliyokosekana, kuliko katika bastola ya Mister. Mwandishi aliyepata kuwa wakili alijua vema kwamba maskini aweza kuangamizwa kwa jina tu aliloandikiwa na mtu mwingine.

Kwa sababu hiyo hata sifa za kundi la kwanza hazikitoshi kitabu. Hukisifu kwa kuwa kiliwalainisha moyo, wakatoa blanketi, wakaenda kupika katika jiko la maskini, au wakaacha kumkwepa mwombaji njiani. Hayo ni mema, wala hapana wa kuyabeza. Lakini Lontae Burton alikuwa ameonewa huruma. Muda mfupi kabla ya kufa alipokewa pamoja na watoto wake katika orofa ya chini ya kanisa, wakalishwa, na Brock mwenyewe akampa mwanawe Ontario biskuti. Kilichomkosa mama huyu kilimkosa kabla ya usiku ule: taarifa ya siku kadhaa, hakimu wa kumsikiliza, na wakili wa kusimama ubavuni pake. Chakula hutolewa kwa hiari ya mpaji, na mpaji huchoka. Haki hudaiwa, wala haimngojei mdaiwa apende.

Kasoro kubwa ya kitabu iko mahali ambapo makundi yote mawili hayakutazama sana. Wahenga walisema: Asiyekuwapo na lake halipo. Mister anauawa katika kurasa za mwanzo. Lontae hasemi ila maneno machache, kisha anakufa. Riwaya yote inasimuliwa na Brock kwa nafsi ya kwanza, hata msomaji hujikuta akizihesabu hasara za wakili: mshahara, mke, nyumba na leseni. Katika watu wasio na makao, Ruby ndiye aliyeachiwa muda wa kutosha kuwa mtu kamili. Ni mama aliyetekwa na dawa za kulevya. Anaona aibu, anashindwa, anaanza tena, na kila mara anamrudia wakili wake akiwa na shida mpya. Laiti Lontae na Mister wangepewa nusu ya nafasi aliyopewa Ruby, hotuba za Mordecai zisingehitajika, na lawama ya mahubiri ingekosa pa kushika.

Mwisho wa kitabu nao unarudi nyuma. Shauri halifiki kusikilizwa hadharani hadi hukumu. Linamalizwa kwa mapatano ya dola milioni 5, na Brock anasimamishwa uwakili kwa miezi 9. Kisha mzee wa kampuni, Arthur Jacobs, akiwa ameguswa moyoni, anaahidi kuwatoa mawakili wake wawatumikie maskini bila malipo. Wasomaji wengine hufurahia mwisho huo, na wengine huuona mtamu kupita kiasi. Hoja nzito zaidi ni kwamba kitabu kilichoanza na dai kimemalizika kwa fadhili. Kampuni iliyoshitakiwa imekuwa mfadhili, na haki ya mpangaji haikutamkwa na hakimu yeyote ili iwe kinga ya mpangaji wa kesho.

Jambo hili lina uzito nje ya riwaya. Nchini Marekani, tangu uamuzi wa shauri la Gideon v. Wainwright la mwaka 1963, mshitakiwa maskini wa kosa kubwa la jinai hupewa wakili kwa gharama ya serikali. Mtu anayetolewa nyumbani hana haki kama hiyo katika Katiba ya nchi hiyo. Mwaka 2017 jiji la New York lilipitisha sheria ya kuwapa wakili wapangaji wenye kipato kidogo wanaokabiliwa na kutolewa. Kwa upande mwingine, tarehe 28 Juni 2024, katika shauri la mji wa Grants Pass wa jimbo la Oregon, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 6 dhidi ya 3, kwamba kuwaadhibu watu wanaopiga kambi na kulala mahali pa umma si adhabu ya kikatili iliyokatazwa na Katiba. Hotuba za Mordecai juu ya miji inayoadhibu usingizi zaweza kuchosha, lakini hazijachakaa.

Basi msomaji atakayekirudia kitabu hiki asikae sana katika mambo ya baruti na biskuti. Na asimame mahali jalada linapofunguliwa, aitafute karatasi iliyoondolewa. Swali la Mister, ni nani awatoaye watu majumbani mwao, lilikuwa swali la kisheria tangu mwanzo. Wasomaji wengi walilisikia kama kilio tu.