Mtaa Ambao Perec Aliuhesabu Mlango kwa Mlango

Mwisho wa Februari mwaka jana nilikuwa Paris kwa wiki mbili, kwenye mafunzo ya waandishi wa habari. Nilipanga chumba Belleville kwa sababu moja tu: bei. Siku ya tatu mhariri wangu akanitumia ujumbe kwenye simu. Ukipata nafasi, tuandikie kitu kidogo kuhusu Paris wakati majira ya kuchipua yanakaribia. Maua, wapenzi, kahawa nje ya mgahawa. Maneno mia nne, picha mbili.

Wenzangu wa chumba cha habari mnazijua hizi kazi. Unaweza kuziandika umelala kitandani, na msomaji asijue.

Nikatoka hata hivyo. Ilikuwa Ijumaa, na soko la Belleville huwa Jumanne na Ijumaa asubuhi, katikati ya barabara kuu. Wauza machungwa wanapiga kelele kama wako Kariakoo, na ikikaribia saa ya kufunga bei zinaporomoka vilevile. Wazee wa Kiarabu wenye makoti mazito walikuwa wamekaa kwenye benchi upande wenye jua. Jua lilipohama, nao wakahama benchi, bila kukatisha mazungumzo. Mbele ya duka la mikate mama mmoja alisimama, kafungua vifungo vya koti, kafumba macho, mkate kwapani. Miti bado ilikuwa mitupu. Ukiniuliza msimu ulijionyesha wapi, nitakwambia ni kwa watu: kila mmoja alikuwa anafuata jua.

Nikapanda kilima mpaka bustani ya Parc de Belleville, nikakaa. Begani nilikuwa na kitabu cha Georges Perec, *Species of Spaces and Other Pieces*, tafsiri ya Kiingereza ya John Sturrock. Nilikuwa nimekibeba miezi kadhaa bila kukimaliza. Nikafungua insha inayoitwa "The Rue Vilin". Ni kurasa chache tu. Sikwenda mbali nikaanza kuhisi kwamba majina ya mitaa nayajua. Asubuhi ileile nilipita Rue des Couronnes. Nikafungua ramani ya simu. Kumbe mtaa anaouelezea ulikuwa unapita hapohapo, kwenye mteremko ambao sasa ni nyasi na ngazi. Rue Vilin ilibomolewa. Kimebaki kipande kifupi kule chini. Bustani yenyewe ilifunguliwa 1988, na Perec alikufa tarehe 3 Machi 1982, siku nne kabla ya kutimiza miaka 46. Hakuiona.

Sasa niseme insha yenyewe ikoje, maana si kila mtu ataipenda.

Perec anaingia mtaani tarehe 27 Februari 1969, kama saa kumi jioni. Anaandika tarehe na saa kama polisi anayefungua faili. Halafu anaanza na nyumba ya kwanza, anaendelea na inayofuata, namba kwa namba, upande wa shufwa na upande wa witiri. Hapa kuna duka. Hapa duka limefungwa. Hapa maandishi ya tangazo yamefifia. Hapa dirisha limezibwa. Hakuna "mandhari ya kuvutia". Hakuna kivumishi kinachotoka jasho. Majira ya kuchipua yako mlangoni, wiki tatu tu mbele, lakini ukitafuta chipukizi kwenye ukurasa ule hulipati.

Kisha anarudi: Juni 1970, Januari 1971, Novemba 1972, Novemba 1974, Septemba 1975. Ziara sita, mtaa mmoja, namba zilezile. Kila akirudi, milango iliyozibwa imeongezeka na watu wamepungua. Ziara ya mwisho anafika usiku wa manane, kama saa nane, na karibu upande mzima umefichwa na uzio wa zege. Juu ya uzio mtu kaandika kwamba kazi ni mateso. Insha inaishia hapo. Sehemu hiyo ni mistari michache tu, kwa sababu hakuna tena cha kuorodhesha.

Mara ya kwanza nilisoma haraka, kama mtu anayesoma orodha ya bidhaa dukani, na nikachoka. Nakiri. Nilipofika namba 24 ndipo nikasimama. Pale Perec anasema, ndani ya mabano, kwamba hiyo ndiyo nyumba aliyoishi. Kisha anaendelea: nyumba ina ghorofa ngapi, mlango umezibwa, na juu yake rangi haijafutika kabisa, bado unaweza kusoma kwamba hapa palikuwa na saluni ya wanawake. Anahamia nyumba inayofuata.

Saluni ile ilikuwa ya mama yake.

Insha haikuambii hilo. Unalipata kwenye kitabu chake kingine, *W ou le souvenir d'enfance* cha 1975. Wazazi wake walikuwa Wayahudi kutoka Poland. Baba alikufa Juni 1940 akiwa askari wa Ufaransa. Mama alikamatwa Januari 1943, na tarehe 11 Februari akapakiwa kwenye treni ya Auschwitz. Mtoto alikuwa ameshapelekwa milimani kujificha, ana miaka sita. Basi hesabu mwenyewe: ile jioni ya Februari 1969 ni miaka 26 na wiki mbili tangu treni iondoke. Sijui kama Perec alipiga hesabu hiyo. Mimi niliipiga nikiwa kwenye benchi, na ukurasa ukabadilika mikononi mwangu. Yale maelezo makavu ya madirisha na namba yalianza kusomeka kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi.

Wapo wanaosema Perec alikuwa mtu wa michezo tu. Alikuwa mwanachama wa Oulipo, kundi la waandishi waliojiwekea masharti ya ajabu, na mwaka uleule wa 1969 alitoa *La Disparition*, riwaya nzima isiyo na herufi "e". Hata Rue Vilin ni sehemu ya mchezo mkubwa: alichagua mahali 12 Paris, kila mwezi aeleze mahali pawili, pamoja akiwa amesimama papo hapo, pengine kwa kumbukumbu tu, kisha aweke maandishi kwenye bahasha na kuipiga lakiri. Miaka 12, bahasha 288. Aliacha njiani mwaka 1975, akiwa na 133. Zilichapwa zote pamoja mwaka 2022 kwa jina la *Lieux*.

Mchezo ni kweli. Lakini mtu aliyefiwa naye hujiwekea masharti: leo nitafua, kesho nitapanga nguo zake, keshokutwa nitapita pale. Sharti linamsaidia kupita pale. Bila sharti asingethubutu. Nadhani ndiyo maana Perec hapambi. Angeanza kupamba, angelazimika kusema anachohisi, na angesema mara moja yakaisha. Orodha inamruhusu kurudi mara sita.

Hapa ndipo insha hii iliponigusa kama mwandishi wa habari. Ilichapwa kwanza gazetini, *L'Humanité*, mwaka 1977. Gazeti! Na Perec huyuhuyu, mwaka 1973, aliwalaumu watu wa magazeti: tunaandika treni inapoanguka, lakini hatuandiki treni zinazofika kila siku, tunamsubiri mtu afe ndipo tuulize alikuwa anaishije. Ningependa kubisha, siwezi. Nina miaka 11 kazini. Nimeandika moto, mafuriko, majengo yaliyoporomoka. Siku moja kabla ya hayo sikuwahi kuwepo.

Na hili si la kazini tu. Bibi yangu alikuwa na nyumba Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe: nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, baraza mbele. Iliuzwa, ikavunjwa, sasa ni ghorofa yenye maduka ya nguo chini. Mwaka juzi, kwenye arobaini ya baba mdogo, ukazuka ubishi. Shangazi anasema mlango wa mbele ulikuwa wa kijani. Mama anasema bluu, ya kijani ilikuwa ya jirani. Mjomba anasema mlikuwa mnaingia kwa mlango wa uani, ninyi mtajuaje. Wakanigeukia mimi: "Wewe mwandishi, hebu tuambie." Nilipita mlango ule kila Jumamosi kwa miaka 15, namwamkia bibi shikamoo, napokea chai. Sikumbuki rangi. Picha tulizonazo ni za harusi, na mlango umezibwa na watu.

Kwa hiyo ninaposema insha hii ni muhimu, sisemi kwa heshima ya Wafaransa. Mtaa wangu umekwenda njia ileile, bila vita, bila treni, kwa hati za mauzo tu. Misiba hii miwili hailingani, na sitaki kuilinganisha. Kinacholingana ni ukuta mtupu unaobaki, na wewe umesimama mbele yake huna hata orodha.

Nina lawama moja kwa Perec, na si ndogo. Anaandika kama mtu asiyeonekana. Nyumba zina namba, lakini watu hawana majina, na maneno yao ni machache mno. Nilijiuliza ingekuwaje Kariakoo. Ukisimama na daftari mbele ya baraza la watu, dakika ya pili utaulizwa: "Karibu, kijana. Unaandika nini? Wewe wa manispaa?" Utajibu, utaketi, utapewa kahawa, na orodha yako itaharibika. Itaingia habari ya mpangaji asiyelipa na ya mtoto aliyefaulu. Nadhani orodha iliyoharibika hivyo ingekuwa bora. Perec anatupa kuta na maandishi ya kuta. Jirani aliyemjua mama yake, kama alikuwepo, simsikii. Inawezekana hakutaka kumsikia. Namwelewa. Lakini msomaji anabaki na njaa.

Njaa hiyo filamu zinaweza kuipunguza kidogo. *Le Ballon rouge* ya Albert Lamorisse, ya 1956, ile ya mtoto na puto jekundu, ilipigwa mitaa hiyohiyo ya kilimani, na unaona watoto wakikimbia, watu wakipanda na kushuka. Halafu kuna *En remontant la rue Vilin* ya Robert Bober, 1992, inayoujenga upya mtaa kwa picha za zamani, nyumba baada ya nyumba. Ukisoma insha halafu ukaitazama, utaona Bober amechukua kazi pale rafiki yake alipoiachia.

Makala ya mhariri niliandika. Maneno mia nne, picha mbili, wazee na benchi lao. Hakulalamika, ingawa aliuliza maua yako wapi. Lakini kabla ya kuondoka Paris nilirudi kwenye lile benchi la sokoni mara mbili zaidi, saa ileile. Mara ya pili wazee walikuwa watatu badala ya wanne. Mara ya tatu wakarudi wanne, na mmoja kavua kofia. Pale bustanini, kwenye kipande cha mizabibu kilichopandwa mteremkoni, hapakuwa na kitu ila vijiti vilivyopogolewa. Ningekwenda siku moja tu, nisingekuwa na la kulinganisha.

Niliporudi Dar Machi ilikuwa imeanza na mawingu ya masika yalikuwa yanajikusanya. Mafundi wako juu ya mapaa, watu wanazibua mitaro kabla maji hayajaja. Nilikwenda Narung'ombe Jumamosi, saa nne asubuhi, na daftari. Nimeanza na nyumba za Kiswahili zilizobaki, namba na rangi ya mlango. Kwenye ya kwanza tu mzee mmoja aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtaja bibi. Akanisogezea kiti.

Mlango, anasema, ulikuwa wa kijani. Lakini mkewe akiwa ndani akapaza sauti: bluu. Nimeandika yote mawili, na tarehe.