Mkanda Ule Ulipaswa Kuteleza

Kwa waliotazama mpaka mwisho video ya ukarabati wa ile mashine ya kufulia ya Maytag, nyeupe, ya miaka ya 1970, kazi iliharibika katika dakika ambayo wengi waliishangilia. Mashine imekwisha kufungwa, mfuniko uko wazi, pipa linaanza kuzunguka ili kukamua, na mkanda unalia kwa sekunde chache kabla ya kunyamaza. Fundi anazima umeme, anailaza mashine, anautazama mkanda na kutoa hukumu yake: unateleza. Anauvua, ingawa ni mpya na umetengenezwa kwa ajili ya mashine hiyo hiyo, na mahali pake anavalisha mkanda wa gari, wa mpira mtupu wenye meno, unaong'ang'ania puli. Kisha anagundua kuwa mota inasogea juu ya kitoroli chake. Hilo nalo analihesabu kuwa kasoro, anaikaza mota kwa boliti mbili, anaitikisa kwa mkono kuonyesha kwamba haichezi tena. Kelele ikaisha. Lakini alichokiondoa pale ni klachi ya mashine, na kazi yote nzuri aliyoifanya kabla ya hapo ameiweka rehani.

Kazi nzuri ilikuwepo. Sili za pipa zimebadilishwa, kutu imekwanguliwa hadi kwenye chuma safi, na breki imepata matone yake ya oili. Tuliache hilo, maana hakuna anayelibishia.

Tuangalie chini ya mashine. Katika Maytag za jamii hii, zilizotengenezwa Newton, Iowa, kwa takriban nusu karne, hutakuta klachi ya sahani wala ya viatu. Kuna mota inayozunguka pande mbili. Ikizunguka upande mmoja, giaboksi inaendesha kikorogeo huku na huku na nguo zinafuliwa. Ikigeuka upande wa pili, puli kubwa ya katikati inapanda kwenye hesi ya mhimili wake, inaachia breki, na pipa zima linabebwa kuzunguka. Mota haikufungwa moja kwa moja kwenye kitako. Imepanda juu ya kitoroli kidogo kinachoteleza, na springi zimewekwa ili mkanda uwe na mkazo uliopimwa kiwandani. Pipa zito linapogoma kuondoka, mota inavutwa, kitoroli kinasogea, mkazo unapungua na mkanda unateleza juu ya puli huku ukiendelea kuvuta. Pipa likishika kasi, kitoroli kinarudi mahali pake na mkanda unashika barabara. Dereva wa daladala iliyojaa abiria haachii klachi kwa ghafla akiwa ameelekea mlima. Kwenye Maytag hii, kazi ya mguu wa dereva inafanywa na mkanda, springi na kitoroli. Ndiyo maana mkanda wa kiwandani umevikwa kitambaa: uteleze bila kuungua na bila kurukaruka. Mpira mtupu wenye meno ulibuniwa kwa kusudi lililo kinyume kabisa na hilo.

Kuna jambo lingine ambalo fundi wetu hakulitaja hata mara moja, nalo ndilo linaloufanya uamuzi wake usiwe na utetezi. Pampu ya Maytag hii ina mkanda wake wa pili kutoka kwenye mota ile ile. Mota ikizunguka upande wa kufua, pampu inayarudisha maji pipani. Ikigeuka upande wa kukamua, pampu inayamwaga. Maana yake ni kwamba kumwaga maji na kukamua huanza kwa pamoja. Pipa linaanza kuzunguka likiwa bado limejaa makumi ya lita za maji, na kila lita ni kilo moja, juu ya uzito wa nguo zilizolowa. Whirlpool za mkanda za enzi hiyo, pamoja na Kenmore zilizotoka kwenye viwanda hivyo hivyo, kwa kawaida humwaga maji kwanza, pipa likiwa limetulia, ndipo zianze kukamua. Hata hivyo zilipewa klachi maalumu ya kulibeba pipa polepole. General Electric, kwenye Filter-Flo zake, waliweka klachi ya viatu kwenye mhimili wa mota, inayoshika kadiri kasi inavyopanda. Watengenezaji hawa watatu walikuwa wanashindana sokoni, na kila mmoja kwa njia yake alikubali kwamba pipa lililolowa halianzi kuzunguka kwa mshtuko. Sasa Maytag huanza kuzunguka na mzigo mzito wa maji, na huyo ndiye aliyenyang'anywa njia yake ya kuupokea mzigo huo.

Mshtuko huo unaishia kwenye mota. Mota za aina hii zina koili mbili: ya kazi na ya kuwashia. Koili ya kuwashia ni ya waya mwembamba, na imekusudiwa kubaki kwenye umeme kwa muda mfupi sana. Swichi inayosukumwa na kasi ya mota yenyewe huikata pale mota inapofika karibu robo tatu ya kasi yake, ambayo kwa umeme wa Marekani ni mizunguko 1725 kwa dakika. Mkanda ukiteleza, mota hupanda upesi hadi kwenye kasi hiyo, swichi inafunguka, na koili inapumzika wakati pipa bado linajikokota nyuma. Mkanda usipoteleza, mota na pipa vimekuwa kitu kimoja. Mota haiwezi kulizidi pipa mbio kuliko ukubwa wa puli unavyoruhusu, na pipa limejaa maji. Koili ya kuwashia inabaki kwenye umeme, inapata moto, mota inanguruma, taa za nyumba zinafifia, mwishowe kinga ya joto inakata. Ikipoa inajaribu tena, na inakata tena. Varnishi ya waya ule inaungua kidogo kila mara, na siku mota inapokufa lawama huenda kwa uzee wa mashine. Puli nayo, badala ya kupanda hesi kwa utulivu, inarushwa juu na kugonga, na meno ya giaboksi yanapokea sehemu yake ya pigo.

Watetezi wa fundi huyu watasema mashine ilifanya kazi, maana tuliiona ikizunguka bila kelele. Tuliiona ikizunguka tupu! Hili nimelisema mara nyingi katika safu hii na nitaendelea kulisema: jaribio la pipa tupu halijaribu chochote isipokuwa subira ya mtazamaji. Pipa lisilo na nguo wala maji halina cha kuugomesha mkanda, kwa hiyo mkanda wowote utafaulu, hata kamba ya katani. Kibaya zaidi, ili tulione pipa likizunguka mfuniko ukiwa wazi, swichi ya mfuniko ilirukwa kwa kipande cha waya. Kwenye Maytag swichi hiyo ina kazi mbili. Inakata umeme mtu akifunua, na inakata umeme pia nguo zikijikusanya upande mmoja na pipa likaanza kuyumba. Kuiruka ni kumfundisha mtazamaji, ambaye huenda ana watoto nyumbani, kuondoa kinga zote mbili kwa mpigo, ili tu picha ipendeze.

Wengine watauliza: kwani mkanda haukulia? Ulilia, na mlio ni dalili ya kutafutiwa chanzo. Mkanda wa kiwandani ukiwa katika hali njema huteleza karibu bila sauti. Ukilia, unamwambia fundi akague reli za kitoroli kama zimekauka au zimeshika uchafu, akague springi kama zimelegea, atafute oili iliyovuja na kudondokea puli, na asikilize kama mlio unatoka kwenye mkanda kweli au kwenye breki. Na katika mashine hii jibu lilikuwa mbele ya macho. Rudini kwenye picha pale alipoilaza, mtazame mfereji wa puli ya mota: ulikuwa unang'aa kwa rangi mpya ya kupuliza. Mkanda unaopita juu ya rangi laini hauna budi kulia mpaka rangi ile ilike. Msasa mwembamba na dakika kumi vingetosha, na kitoroli kingetaka kufutwa na kupakwa grisi kidogo. Hapa ndipo ninapozidi kuchukizwa na desturi hii ya kupaka rangi kabla ya kujua mashine inaugua nini. Kila kitu kinapelekwa kwenye bomba la rangi, hata sehemu ambazo chuma kitupu ndicho kinachofanya kazi, halafu kasoro iliyoletwa na rangi inatibiwa kwa kung'oa kilichokuwa kizima.

Kuna hoja ya tatu, yenye heshima zaidi, kwamba mwenye mashine ana haki ya kuiboresha, na kwamba mpira wa leo ni bora kuliko wa miaka hamsini iliyopita. Haki anayo, na mpira wa leo ni bora kweli kwa kazi uliyoundiwa. Kwenye injini ya gari mkanda wa meno hubeba mzigo usiobadilika sana, na kuteleza kwake ni hasara tupu. Kwenye Maytag hii kuteleza kumehesabiwa ndani ya ubunifu wenyewe, sawasawa na idadi ya meno ya gia. Atakayetaka kuboresha aboreshe kwa kuijua hesabu hiyo kwanza. Akitaka kuondoa utelezi wa mkanda, basi aweke klachi mahali pengine, au abadilishe mpangilio ili maji yamwagwe kabla ya kukamua. Fundi wetu hakufanya lolote kati ya hayo. Aliona kitu kinachosogea, akakifunga.

Howard Snyder, yule mhandisi wa Maytag ambaye mwaka 1922 aliishusha sokoni mashine ya kufulia ya Gyrafoam, asingelifanya hivyo. Kabla yake mashine nyingi zilizikokota nguo ndani ya maji kwa vijiti vilivyoning'inia kutoka kwenye mfuniko. Snyder alikihamishia kikorogeo chini ya pipa ili maji yenyewe yasukumwe yapite kwenye nguo. Alitazama kinachosogea akauliza kwa nini kinasogea, na jibu lake likaifanya kampuni ya mji mdogo wa Iowa kuwa jina la nyumbani Marekani nzima. Waliomfuata huko Newton walirithi tabia hiyo. Mashine zao za mkanda zilikuwa na sehemu chache kuliko za washindani, na uchache huo ulitokana na kuipa sehemu moja kazi mbili: mkanda unaovuta ndio huo huo unaotuliza. Kuanzia mwaka 1967 Maytag ilimtangaza fundi wake mpweke asiyeitwa na mtu, na mwigizaji Jesse White akapata umaarufu kwa kukaa akisubiri simu isiyolia. Tangazo lile lilibebwa na mambo madogo kama kitoroli hiki. Mafundi wa zamani waliozihudumia mashine hizi walikuwa na kitabu cha kiwanda mkononi, na kabla ya kugusa mota walihakikisha inateleza kwenye reli zake bila kukwama. Wao walitafuta ule ule mchezo ambao fundi wetu wa leo aliufunga kwa boliti.

Jaribio la haki kwa mashine hii halina fumbo. Inajazwa taulo nene, maji yanapanda hadi alama ya juu kabisa, mfuniko unafungwa na swichi yake inafanya kazi. Wakati wa kufua, mtu anafunua mara kwa mara kuangalia kama taulo ya juu imezama na ya chini imepanda. Zikikaa palepale, kikorogeo au mzigo una tatizo. Kisha inaachwa ianze kukamua yenyewe ikiwa na maji yote, na hapo ndipo pa kutega sikio: mota inapaswa kupanda upesi na kutulia, na pipa lifuate taratibu mpaka lifike kwenye mizunguko yake ya mia sita na kitu kwa dakika. Baada ya hapo mota inaguswa kama ina joto kupita kiasi, na zoezi linarudiwa mara kadhaa mfululizo, kwa sababu kinga ya joto huenda isikate kwenye mzigo wa kwanza. Mashine iliyopita hapo mtu anaweza kuiita nzima. Hii yetu haijapita, kwa kuwa haijajaribiwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa fundi huyo, na kwa yeyote ambaye tayari ameshaiga alichokiona, ni hili. Zifungueni boliti zile mbili leo, kabla mashine haijabebeshwa mzigo wa kweli. Kwangueni rangi kwenye mifereji ya puli, safisheni reli za kitoroli, rudisheni mkanda wenye kitambaa, na uondoeni ule waya kwenye swichi ya mfuniko. Kisha tuonyesheni mashine hiyo ikiwa imejaa maji na taulo.