Wote Kumi Walilala: Tahakiki ya Hubiri Langu Mwenyewe

Jumapili ya tarehe 19 Aprili 2020 nilisimama mbele ya waumini wa mtaa wetu, hapa Muheza, nikahubiri juu ya wanawali kumi. Ilikuwa siku ya mwisho kati ya zile siku tatu ambazo Rais John Magufuli aliwaomba Watanzania wa dini zote wamlilie Mungu kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Mimi si padre. Ni msomaji tu, na padre akiwa mtaa mwingine ndimi niongozaye sala na kutoa neno. Karatasi niliyoandika mahubiri yale bado ninayo, imekunjwa ndani ya kitabu cha sala.

Nilipoambiwa niandike juu ya matumaini na kukesha wakati wa dhiki, niliona si haki nikosoe mahubiri ya wengine kabla ya langu. Basi ndugu msomaji, naomba tulipime hubiri hilo kwa Injili yenyewe, Mathayo sura ya 25, mstari wa 1 hadi wa 13. Ukiweza, fungua Biblia yako uiweke kando.

Nianze na lililokuwa jema. Watu walikuja wakiwa na hofu, wakaondoka wakiwa na nguvu. Tangu Waziri wa Afya alipotangaza mgonjwa wa kwanza nchini, tarehe 16 Machi, shule zilikuwa zimefungwa, soko lilikuwa limepoa, na wenye machungwa walikuwa wakijiuliza kama malori ya kuyachukua yatakuja. Milango ya makanisa na misikiti haikufungwa. Siku ile tuliomba kwa machozi. Sitaki mtu asome makala haya akadhani nayacheka maombi yale. Niliyakuta ya kweli na nayaheshimu hadi leo.

Kosa lilikuwa katika namna nilivyoisoma Injili. Nilisema mafuta ni imani, na taa ni moyo wa Mkristo. Nikasema wanawali wapumbavu ni wale waliosinzia, na wenye busara ni wale waliokaa macho. Kisha nikaongeza neno ambalo siku ile lilipokewa kwa vigelegele: kwamba anayefunika uso wake kwa barakoa ndani ya nyumba ya Mungu anaonyesha kuwa taa yake imeanza kuzimika. Kwenye benchi la tatu alikuwa ameketi mama mmoja, muuguzi mstaafu, amevaa barakoa ya kitenge aliyoishona mwenyewe. Nilimwona akiivua polepole, akaikunja na kuiweka kwenye mkoba.

Sasa tuisome habari yenyewe. Jambo la kwanza nililolikosea ni dhahiri hata kwa mtoto wa kipaimara. Injili haisemi kwamba watano walilala na watano wakakesha. Inasema bwana harusi alipokawia, wote walisinzia wakalala. Wote kumi. Usingizi haukuwatenga wenye busara na wapumbavu. Kilichowatenga ni vyombo vya mafuta ambavyo watano walikuwa wamevibeba mapema, kabla usiku haujaingia.

Hili lina maana kubwa kwetu tunaozungumza Kiswahili, kwa sababu neno kukesha kwetu lina mazoea yake. Tunakesha kwenye ngoma. Jirani zetu Waislamu hukesha kwenye Maulidi. Sisi tuna mkesha wa Pasaka na mkesha wa mwaka mpya, na siku hizi ipo mikesha ya maombi yenye vipaza sauti hadi alfajiri. Basi tukisikia Bwana anatuagiza tukeshe, tunafikiri anataka macho yasifumbe, na anayepiga kelele hadi asubuhi tunamhesabu ndiye aliyekesha zaidi. Lakini Kiswahili chetu kina kukesha kwingine. Mkulima wa mahindi kule mabondeni hukesha dunguni, ana debe lake na fimbo, akilinda shamba dhidi ya nguruwe. Haimbi hata kidogo. Anaweza hata kusinzia, lakini debe liko mkononi, na nguruwe wakija ataligonga. Huyo ndiye aliye karibu na wanawali wenye busara kuliko mimi niliyekuwa nikihubiri.

Jambo la pili nililolikosea ni ule upumbavu wa wale watano. Walikuwa na taa, na walikuwa wamealikwa. Walitoka kwenda kumlaki bwana harusi kwa furaha ile ile ya wenzao, pengine kuizidi. Upumbavu wao ni kwamba walimpangia muda. Walihesabu kwamba atafika upesi, kwa hiyo mafuta yaliyomo ndani ya taa yatatosha. Yeyote aliyewahi kusubiri harusi ya pwani anajua kwamba bwana harusi huja anapokuja. Mwenye koroboi pia anajua: mwanga wa saa mbili usiku hauonyeshi kama mafuta yatafika saa nane.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya matumaini ya Kikristo na kitu kingine kinachofanana nayo. Mtu akisema, "Mambo yatakuwa mazuri upesi," hayo si lazima yawe matumaini. Huenda ni kumpangia Mungu ratiba. Mwenye matumaini anasema, "Bwana anakuja kweli, nami sijui saa, kwa hiyo nabeba mafuta ya akiba." Anayengoja kitu cha hakika hujiandaa kwa kukawia kwake. Asiyejiandaa ama haamini kwamba kitakuja, ama anadhani amri iko mkononi mwake.

Sisi tulifanya nini? Mwanzoni mwa Juni 2020 ilitangazwa kwamba nchi imeondokewa na korona. Jumapili iliyofuata tuliimba kwa shukrani, na jioni yake wazee wa kanisa, nami nikiwa mmoja wao, tuliiondoa ile ndoo yenye koki iliyokuwa mlangoni pamoja na sabuni yake. Mtu mmoja alipouliza kwa nini tusiiache, nilimjibu kwamba tukiiacha tutaonekana hatuamini kuwa Mungu amejibu. Kumbe ndoo ile ndiyo iliyokuwa chombo chetu cha mafuta. Kumshukuru Mungu na kuiacha ndoo mlangoni havikuwa na ugomvi wowote.

Haki inanitaka pia niseme kwamba kulikuwa na hubiri la namna nyingine siku zile, lililokuwa kinyume cha langu. Nalo lilisema korona ndiyo mwisho wenyewe, mihuri imefunguliwa, hesabu za miaka zimetimia. Hubiri hilo lilionekana kuwa macho sana. Lakini nalo lilimpangia bwana harusi muda. Sura ya 24, inayotangulia habari ya wanawali, inasema waziwazi kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye, na kwamba vita, njaa na matetemeko ni mwanzo tu wa utungu. Ndugu zangu, utungu ni neno la leba. Mkunga akisikia utungu hatangazi msiba. Anachemsha maji, anaandaa nguo safi, anakaa karibu na mama. Mahubiri ya namna hizi mbili, la kusema yamekwisha na la kusema tumekwisha, yalifanana katika jambo moja: hakuna lililomwambia muumini abebe nini Jumatatu asubuhi.

Kisha ukaja usiku wa manane. Mwishoni mwa Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania liliwatahadharisha waamini wake kwamba ugonjwa umerudi. Mwezi wa Februari tulianza kusikia maneno mapya misibani: nimonia, changamoto ya upumuaji. Yule mama wa benchi la tatu aliugua mwezi huo. Yeye naye tuliambiwa ni changamoto ya upumuaji.

Sikwenda kumwona. Mimi niliyesema mbele ya watu kwamba woga ni taa inayozimika, niliogopa kupita hata kwenye njia ya nyumba yake. Nilituma salamu. Aliyekesha naye ni mjukuu wake, pamoja na jirani yake Mwislamu, mwanamke aliyefunga barakoa puani na mdomoni, akafungua madirisha yote, akakaa pale usiku kucha akimpa uji kwa kijiko. Siku ya tano mama alifariki. Nilisoma sala kaburini nikiwa nimesimama mbali. Sisemi kwamba hubiri langu ndilo lililomuua. Nasema kwamba siku alipohitaji mtu wa kukesha naye, mhubiri wa kukesha alikuwa amelala.

Hapa panatokea swali ambalo waumini wengi wameniuliza, nalo ni swali gumu. Wale wenye busara waliombwa mafuta wakakataa. Je, Injili inatufundisha uchoyo? Je, si ndiyo maana nami nilijiokoa mwenyewe? Nimelitafakari sana, na jibu langu ni hili. Kuna vitu ambavyo haviazimwi usiku wa manane. Mazoea ya kusali hayaazimwi. Ujuzi wa kumhudumia mgonjwa hauazimwi, wala moyo uliojifunza kutokimbia. Vitu hivyo hujazwa mchana, kidogo kidogo. Mama yule alikuwa muuguzi kwa miaka mingi, na barakoa yake ya kitenge ilikuwa mafuta aliyoyaweka kwa miaka hiyo yote. Mimi nilimwomba ayamwage.

Lakini ingawa mafuta hayagawanywi, mwanga hugawanywa. Mwenye chemli akitangulia njiani, wa nyuma yake naye anaona mashimo. Tena sura hii ya 25 haiishii kwenye mlango uliofungwa. Inaendelea hadi pale Mfalme anapowakumbusha watu kwamba alikuwa na njaa, alikuwa mgonjwa, alikuwa kifungoni, nao wakamjia. Tukiisoma habari ya wanawali peke yake tunaweza kufikiri kwamba Bwana anataka kila mtu alinde taa yake. Tukiisoma sura nzima tunaona taa ilikuwa ya nini: ya kumwendea mtu gizani.

Ukigeuza ukurasa mmoja zaidi utafika Gethsemane. Kule Bwana aliwaomba wanafunzi watatu wakeshe pamoja naye. Hakuwaagiza wapambane na askari wala wahubiri. Aliwaomba wawe karibu naye akiwa katika uchungu, hata kwa saa moja, nao wakalala. Basi kukesha ambako Bwana mwenyewe alikuomba, usiku wake wa mwisho, kulifanana sana na kule kwa yule jirani mwenye kijiko cha uji.

Kanisa letu la huku Bonde halikupaswa kujifunza haya upya. Mwaka 1875 Padre Farler wa UMCA alikuja kuujenga upya utume wa Magila, na hospitali iliyotokana na utume huo ndiyo iliyokuja kuwa Hospitali Teule ya Muheza, ambako zilianzishwa pia huduma za hospisi kwa wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliwakamata wamisionari Waingereza, na mapadre na walimu wengi wa Kiafrika wakafungwa na kupelekwa hadi Tabora. Waliteswa, na wengine walikufa. Waliobaki vijijini hawakuwa na habari ya lini usiku ule utakwisha. Tabora ilitekwa na jeshi la Wabelgiji Septemba 1916, na wafungwa waliokuwa hai wakaachiwa. Kanisa lilikuwapo bado la kuwapokea. Wazee wale hawakuambiwa kwamba mambo yatakwisha upesi. Walikuwa na akiba.

Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo nchini kwa kuchanjwa hadharani. Nilikwenda kupanga foleni bila kumwambia mtu. Majilio ya mwaka ule nilihubiri tena juu ya wanawali kumi, na kabla ya kuanza nilitaja kosa langu na kumwomba radhi mjukuu wa yule mama, aliyekuwa ameketi benchi lile lile. Hakusema kitu. Alitikisa kichwa kidogo, nami sikumdai zaidi ya hapo.

Tangu siku hiyo mtaa wetu una daftari. Ndani yake yameandikwa majina ya wagonjwa na ya wazee wanaoishi peke yao, na kila juma watu wawili hupangwa kuwatembelea, mmoja wao akiwa mtu anayejua mambo ya uuguzi. Ndoo imerudi mlangoni. Kuna majuma daftari linasahauliwa, na kuna siku ndoo haina maji. Wote tunasinzia, kama wale kumi. Ndiyo maana linahitajika daftari, si shauku peke yake.

Dhiki nyingine itakuja, iwe mafuriko, iwe ukame, iwe ugonjwa usio na jina bado. Itakapokuja, ndugu msomaji, watu watakuja kanisani wakitaka neno. Mhubiri asiwaambie yamekwisha, wala asiwaambie wamekwisha. Awaambie Bwana anakuja, na usiku ni mrefu. Kisha, kabla ya kusema amina, awaulize ni nani anayekwenda kulala kwa mgonjwa leo, na yeye mwenyewe awe wa kwanza kuandika jina lake.