Loweka si Lowesha

Neno "loweka" hutumika jikoni kila siku, na huenda kwa sababu hiyo halichunguzwi. Waandishi wengi hulichukua kuwa sawa na "lowesha", na wafasiri huliandika "tia majini" bila ya kuona kilichopotea. Katika nchi ilayo muhogo, kama zilivyo Musoma, Bunda na Butiama, upotevu huo si mdogo.

Asili ya maneno yote mawili ni "lowa", yaani kupatwa na maji hata yakapenya. Wako watamkao "rowa" na "roweka". Nayo si ajabu katika mkoa wa Mara, ambako lugha kama Kikuria haizitengi l na r kama zitengwavyo katika Kiswahili. Tofauti hiyo ni ya ulimi, haigusi maana. Iliyo na uzito ni tofauti ya viambishi.

Atazamaye juu juu atadhani kuwa -ek- ya "loweka" ni ile ya "someka", ionyeshayo hali. La hasha. Kitenzi cha hali hakichukui yambwa: kitabu husomeka, lakini mtu hawezi "kusomeka kitabu". Kunde je? Mtu huloweka kunde, na muhogo pia huuloweka. Basi -ek- hii ni ndugu wa -ik- iliyomo katika "vika", litokalo na "vaa", na katika "vundika", litokalo na "vunda". Irabu yake imekuwa e kwa kuifuata o ya shina. Kazi ya kiambishi hiki ni kukitia kitu katika hali fulani na kukiacha humo. Mvua humlowesha mpita njia kwa dakika moja, wala haimloweki. Kuloweka kuna mambo matatu: maji, kuzamisha, na kungoja; na hilo la tatu ndilo liletalo ulaini.

Mpika ugali wa muhogo analijua jambo hili kwa mikono yake. Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi iliyofungamana na sukari. Ukilowekwa kwa siku tatu au zaidi hulegea, na kimeng'enya kilichomo ndani yake huifungua sumu ikatoka kwa maji na kwa hewa. Wengine huurundika na kuufunika mpaka uchachuke, yaani huuvundika. Njia ni nyingine, ila kiambishi ni kilekile na kungoja ni kulekule.

Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilaya ya Tarime mkoani Mara ilipatwa na konzo, ugonjwa upoozeshao miguu kwa ghafula na usioponyeka. Jina lake limetoka katika Kiyaka cha Kongo. Watafiti waliuhusisha na muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka kwa sababu ya njaa. Katika jimbo la Bandundu, katika nchi iliyoitwa Zaire zama hizo, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1992 ulilidhihirisha jambo hilo katika kuloweka kwenyewe: siku tatu zilikuwa zimepunguzwa zikawa moja, ili muhogo uwahi kuuzwa Kinshasa. Muhogo ule ulitiwa majini, nao ulilowa. Lakini kwa maana kamili ya neno, haukulowekwa.

Kwa hiyo mtunga kamusi aridhikaye na "tia majini ili kilainike" amesema nusu ya kweli. Maana yastahili kuandikwa "tia majini na kuacha humo kwa muda utoshao kulainisha", na maneno "muda utoshao" yasiachwe kwa kuokoa nafasi. Vilevile bwana shamba au mwalimu aandikaye maelekezo ya muhogo aseme "loweka", asiseme "lowesha", kisha azitaje siku zenyewe kwa hesabu. Maana msomaji aambiwaye "lowesha" atatii kwa ndoo moja ya maji na robo saa, na hakuna atakayeweza kumlaumu kuwa hajui Kiswahili.