Magunia Kumi na Moja

Msomaji hodari wa hadithi utamjua kwa mahali anapokawia. Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, nimemsikiliza mwalimu mmoja mstaafu katika kibanda cha chai, akiwasomea wapakiaji wa mahindi na madereva wanaongojea karatasi zao za forodha. Mkononi alikuwa na riwaya ya Thomas Mann, Joseph and His Brothers. Macho yalipita kwenye Kiingereza, kinywa kikatoa Kiswahili, na hapa na pale akatia neno la Kiteso kwa ajili ya wenyeji. Kurasa zilikuwa chache: zile za ndugu zake Yusufu kupekuliwa magunia yao ya nafaka.

Kitabu cha Mwanzo kinasema tu kwamba upekuzi ulianza kwa mkubwa ukaishia kwa mdogo. Mwalimu hakukubali kuupita mstari huo mbio. Gunia la Reubeni lilifunguliwa, naye ndiye aliyejaribu kumwokoa Yusufu ndugu walipomtupa shimoni. Likaja la Simeoni, aliyetoka kifungoni juzi tu na hathubutu kuwatazama askari. Kila kamba ilipofungwa tena, ndugu walishusha pumzi, na sauti ya mwalimu ikashuka pamoja nao. "Bado, wanangu," alisema, "magunia ni kumi na moja." Wote pale tulijua kikombe cha fedha cha Yusufu, kinachotafutwa, kimo katika gunia la Benyamini, tumejua tangu utotoni. Hata hivyo koo zilitukauka.

Huo ndio ufundi ninaousifu: kukijaza kimya cha Maandiko bila kuyavunja. Mann aliufanyia kazi miaka mingi. Juzuu zake nne zilitoka kati ya 1933 na 1943, mwenyewe akiwa uhamishoni, mbali na kwao kama Yusufu. Washairi wa pwani yetu walikuwa wameianza kazi hiyo zamani, wakatuachia Utendi wa Yusufu na Utendi wa Ayubu, tungo za kusikilizwa kwa utulivu, ubeti kwa ubeti.

Na ni wapi hadithi hii ya magunia ingepata wasikilizaji bora kuliko mpakani? Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, malori yalikwama hapa Malaba na Busia. Anayengojea chakula kivuke ili watoto wale, mama anayeuza kwa gorogoro sokoni, dereva anayetazama mkono wa ofisa ukizama katika shehena yake: hao hawahitaji kuelezwa hofu ya wana wa Yakobo.

Lakini siku hizi nani ana subira? Vipaza sauti vya stendi na video za simuni vinamwotesha Yusufu ndoto, vinamuuza, na kabla hujaketi ameshakuwa mkubwa Misri. Watu wanaitikia Amina, kila mmoja akiwazia cheo chake. Magunia hayafunguliwi. Na yasipofunguliwa moja moja, hatumwoni Yuda, yule aliyetoa shauri ndugu yao auzwe, akijitoa awe mtumwa badala ya Benyamini. Toba yake imeiva katika ule mwendo wa polepole. Tumebakiza ushindi wa Yusufu, tukaitupa toba ya ndugu zake. Nasi tulio wengi, tukijipima kwa haki, tumo upande wa hao ndugu.